Kalamu, Moto, na Uso wa Mama Naserian

Tulikuwa watu watano chumbani siku ile, na nitawataja wote, maana mtu asiyetajwa ni kama hakuwepo. Kitandani alilala Mama Naserian wa Terrat, mwenye uso uliotukutanisha. Kwenye kiti cha dirishani alikaa Naserian, binti yake wa kwanza, mfanyakazi wa ofisi ya utalii mjini, ambaye sherehe yake ya kuagwa kwao, hiyo mnayoiita sendofu, ilikuwa imeshapangiwa ukumbi. Mlangoni alisimama Nembris, wifi yake Mama Naserian, dada wa mumewe. Alipewa kiti akakikataa. Alisema amekuja kulinda mke wa kaka yake asidanganywe, na mlinzi hakai. Mwenye sindano alikuwa Sista Mwanaidi, nesi wa ngozi, mzaliwa wa Pangani, mkazi wa Ngarenaro, mwalimu wangu ingawa nilimzidi umri. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, kisha akanikaripia mpaka jioni. Wa tano ni mimi bibi yenu Elirehema, Mmeru wa mlimani niliyeolewa Moshono. Kazi yangu siku ile ilikuwa kukaa miguuni pa mteja.

Sababu ya kukaa miguuni mtaijua mbele. Kwanza niseme kwa nini naandika.

Ninyi wajukuu, na wenzenu mnaokuja nao, kila mkifika hapa mnanionyesha simu. "Bibi, hii ya kalamu na hii ya moto, ipi nzuri?" Mnauliza kama mtu anayechagua soda. Na wengine mmeshaanza kazi kwenye saluni na mnatamani kushika sindano. Mimi shule niliishia darasa la nne. Kliniki ile niliingia kwa kufagia, nikapanda nikawa wa kuandaa wateja, nikafanya hivyo mpaka magoti yakazikataa ngazi. Sindano sikuwahi kuishika, kwa sababu sikuisomea, na msiyoisomea nanyi msiishike. Lakini nyuso nilizoziona zikiingia na kutoka ni nyingi, na majina ya wenye nyuso bado ninayo. Nawaandikia ya uso mmoja, mengine yatajichomeka humohumo.

Mama Naserian hakuja kutafuta urembo. Aliletwa na skrini. Alikuwa amealikwa kwenye sendofu ya binti wa jirani yao, kwenye ukumbi ule wenye skrini pana kama ukuta wa nyumba, mpiga picha anazunguka meza kwa meza na sura za wageni zinatokea mbele, kubwa kuliko mlango. Akaona bibi mmoja amekunjamana, ana vishimo mashavuni, ana mabaka. Akamwinamia mama aliyekaa naye, akauliza, "Yule koko ni wa upande gani, wetu au wa bwana harusi?" Koko kwa Kiarusha ni bibi. Yule mama akamtazama, akamjibu taratibu, "Ni wewe."

Aliporudi nyumbani akatangaza kwamba siku ya Naserian hatapanda mbele. Sasa mnajua huku kwetu mambo yalivyo. Binti anayeagwa anakata ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa akasimamishwa mezani na majani mdomoni, na kipande cha kwanza anamlisha mama yake, ukumbi wote unatazama, na skrini nayo inatazama. "Atapanda wifi," alisema Mama Naserian. "Nembris ana uso wa kutazamwa." Naserian akalia. Akasema kama si mama yake wa kumlisha, ndafu isiletwe, na kama ndafu haiji, ukumbi uvunjwe. Mama mtu hakusogea. Wakati huo mahindi ya Terrat yalikuwa yamefika magotini, na sherehe ilikuwa baada ya kuvuna. Ndipo binti alipomvuta mama yake mpaka kwetu, na wifi akafuata nyuma na fimbo yake.

"Nataka ile ya moto," Naserian alimwambia Sista, kabla mama yake hajavua viatu. "Nimeiona kwenye simu. Mtu anaingia mara moja, anatoka amekazika."

"Kwanza salamu, mwanangu," alisema Sista Mwanaidi.

"Shikamoo, Sista. Nataka ile ya moto."

"Marahaba. Tukae kwanza."

Hapa niwaeleze, maana naona mnazichanganya. Zote ni sindano, na wazo lake ni moja: ngozi inatobolewa vitundu vidogo ambavyo hata jicho linavitafuta, inashtuka, inaanza kujitengeneza upya. Kwetu mlimani si jambo geni, mti wa kahawa uliozeeka unakatwa shina ili uchipue. Tofauti iko kwenye namna ya kukata. Ipo rola, kigurudumu chenye miba kinachoviringishwa usoni. Ipo kalamu, mashine ya kushika mkononi, sindano zake zinapanda na kushuka kama cherehani, na nesi anaziamuru zizame kiasi gani, paji la uso kidogo maana mfupa uko karibu, shavuni zaidi kidogo. Ipo ya moto, ambayo sindano zikishazama zinatoa joto kule chini, ngozi inajikaza. Na ipo ya damu. Hiyo ni kalamu ileile, ila mtu anatolewa damu yake mkononi, inazungushwa kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yanajitenga, na maji hayo ndiyo yanapakwa juu ya vitundu.

Sista alipofika kwenye hiyo ya damu, Nembris aliacha kuegemea mlango.

"Damu ya nani?"

"Yake mwenyewe."

"Sisi Waarusha tunakunywa ya ng'ombe, watu wa mjini wakituona wanawaziba macho watoto wao. Kumbe ninyi mnapaka ya mtu."

"Ndiyo maana kwenu nimeieleza bila wasiwasi," alisema Sista. "Wengine nikiitaja wanaanguka."

Rola nayo nisiiache, kwa sababu ndiyo rahisi kununua na ndiyo inayowaponza. Walikuja kwetu dada watatu kutoka Kwa Mrombo, Upendo, Furaha na Doreen. Walichanga wakanunua rola moja, wakaiosha kwa sabuni ya kufulia, wakapokezana sebuleni kama watu wanaopokezana kitana. Walipotufikia walikuwa na vipele vya aina moja, mahali pamoja, shavu hili na kidevu hiki. Sista aliwatazama wamepangana kwenye benchi, akasema, "Mmeshonesha sare." Walicheka huku wameshika mashavu. Lakini walipona kwa dawa na kwa kungoja sana, na Sista aliwaambia kitu ambacho nawaambia nanyi: kinachotoboa ngozi ya mtu mmoja kisiguse ya mwingine, na nyumbani si mahali pake.

Turudi chumbani. Naserian alikuwa bado anasubiri jibu la moto, na Sista hakulijibu. Alianza na masikio. Mama Naserian masikio yake yalitobolewa na kuvutwa Kiarusha, ndewe zinaning'inia, na Sista alipitisha vidole ukingo mzima kama anayekagua pindo la nguo. Kisha akamwomba apandishe mkono wa gauni, akaitazama ile alama ya chanjo ya begani. Kisha akaja kwenye mashavu.

Mama Naserian alikuwa na duara mbili, moja kila shavu. Wazee wa Kiarusha na wa Kimasai walimchoma mtoto hivyo kwa kitu cha moto, wakisema macho yake hayatasumbuliwa na ugonjwa. Ninyi mmewaona bibi zenu wa upande ule.

"Na hizo nazo zitoke," alisema Naserian.

"Ziende wapi?" aliuliza Mama Naserian. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu alale.

"Yeyo, mama yangu, mashine siku hizi inaweza."

"Mimi nimeletwa kwa ajili ya mikunjo. Hii ni mikunjo? Hizi nilichomwa nikanyamaza. Muulize shangazi yako, tulichomwa siku moja, maboma yetu yalikuwa jirani."

"Nilikuwa mdogo kuliko yeye," alisema Nembris upesi.

"Alilia mpaka mbwa wakajibu."

"Nilikuwa mdogo."

Sista aliwaacha wamalizane, kisha akaniita. "Mama Elirehema, njoo ushike hapa. Unaona nini?"

"Duara," nikasema.

"Duara hata aliyeko barabarani anaiona. Shika."

Nikashika. Palikuwa laini, pamelala sawa na shavu. Akanipeleka sikioni, napo pamelala. Begani vilevile. "Basi," akasema, "ngozi hii haioti vinundu. Kila ilipojeruhiwa ilijifunga vizuri. Ningekuta kovu limeinuka kama uyoga, ningemrudisha Terrat bila kumgusa na sindano yoyote." Halafu akawasha taa, akanionyesha ukingo wa duara. Ulikuwa mweusi. Miaka yote ile, mtoto amekuwa mama, mama amekuwa koko, na ukingo bado mweusi kuliko uso.

"Sasa umeona," alisema Sista. Akamgeukia Naserian. "Mama yako ngozi yake ikiguswa na moto inaweka weusi. Mwili umeshatuambia wenyewe. Mashine ile si mbaya, mwanangu. Nimemfanyia Mama Shirima mwenye duka, ngozi yake imelegea lakini haina tabia ya kuweka weusi, na anaweza kukaa ndani mpaka apoe. Ametoka vizuri. Huyu anakaa kwenye jua la Terrat kutwa. Akitoka weusi, huenda uondoke baada ya miezi, huenda usiondoke, na sherehe itaukuta."

"Kwa hiyo?"

"Kalamu. Polepole, kwa kuachia nafasi kati ya mara na mara ili ngozi ipumzike."

"Na mikunjo itaisha?"

"Haitaisha. Vishimo vitapungua, mabaka yatatulia, ngozi itang'aa. Atakuwa mama yako aliyelala usingizi wa kutosha."

"Na mwenye uso mnamuuliza lini?" alisema Mama Naserian kutoka kitandani.

Sista akainama karibu naye, akamweleza tena yote, polepole, kama vile sisi wengine hatupo. Hilo mlishike ninyi mnaotaka kazi hii. Anayelipa anaweza kuwa kwenye kiti, lakini anayelala ndiye anayechagua. Mama Naserian alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Ipi inauma?"

"Ya moto zaidi. Kalamu kidogo. Lakini zote tunapaka krimu ya ganzi kwanza."

"Mpe kalamu," alisema, kama anayeagizia mtu mwingine. "Ganzi sitaki."

Hapo ndipo ninapoingia mimi na miguu. Mwanamke wa Kiarusha wa umri ule hasemi "inauma". Alilelewa kwamba anayekunja uso mbele ya kisu amewaaibisha waliomzaa. Kwa nesi hiyo ni shida kubwa, kwa sababu mteja akisema inauma ndipo nesi anajua sindano imezama mno. Alikuwepo mteja wetu Mama Lazaro wa Kisongo. Alilala kimya kama gogo, Sista akadhani mambo ni mazuri, alipoinuka tukakuta ameng'ata kanga mpaka imetoboka. Tangu siku hiyo Sista akabuni njia. Uso wanaweza kuutawala, mikono wanaitawala, lakini vidole vya miguu havina adabu. Vikijikunja, panauma. Basi wateja wa namna ile tuliwavua soksi, nikakaa kwenye kigoda miguuni, na kila vidole vilipojikunja nilisema "kidole", Sista akainua kalamu. Mwingine aliniuliza kama nimeajiriwa kusoma nyota za miguu.

Kuhusu ganzi, Sista alimshinda kwa ujanja wa kipwani. "Mama, ganzi si yako. Ni yangu mimi. Nikijua mtu anaumia mkono wangu unatetemeka. Nisaidie."

"Kama ni kukusaidia," alisema Mama Naserian, "paka."

Nikampaka. Na hapo nicheke kidogo kwa niaba yenu. Krimu ya ganzi ipakeni mkiwa na glovu na msijiguse. Wiki yangu ya kwanza kwenye kazi ile nilijifuta mdomo kwa kidole chenye krimu, nikaenda kunywa chai. Chai ikaingia upande mmoja ikatoka upande wa pili, ikashuka mpaka kwenye sweta, mimi sina habari. Sista Mwanaidi alikaa chini sakafuni kwa kucheka. "Mama Elirehema," alisema alipopata pumzi, "wewe chai unaipitisha tu, huinywi."

Mara ile ya kwanza ilikwenda vizuri. "Kidole" nililisema mara chache, karibu na pua. Mama Naserian alitoka uso umeiva kama mtu aliyechochea moto, tukamfunika kanga, Sista akampa masharti. Maji safi tu siku za mwanzo. Asikae jikoni penye moshi. Asipake kitu chochote ila alichopewa, na vitundu vikishajifunga aanze losheni ya kukinga jua, kila siku, hata mawingu yakiwepo. Wakaitikia wote watatu. Nembris aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku chache zikapita, mlango ukafunguliwa bila hodi. Naserian anatangulia, macho mekundu. Nyuma yake mama yake, amejifunika kanga mpaka puani. Nyuma kabisa Nembris na fimbo, kichwa juu. Sista akafunua ile kanga. Uso mzima ulikuwa vipele, vingine vina usaha, kuanzia paji mpaka kidevu.

"Umepaka nini, mama?" aliuliza Sista.

"Mimi sikupaka," alisema Mama Naserian. "Nimepakwa."

Nembris hakujificha. "Mafuta ya kondoo. Ya mkia. Niliyachemsha mwenyewe, nikampaka asubuhi na jioni."

"Shangazi, tuliambiwa asipakwe kitu," alisema Naserian.

"Kitu ni kitu. Mafuta ya kondoo ni dawa. Mzazi anapewa, aliyetahiriwa anapewa, aliyevunjika mguu anapewa. Mtu katobolewa uso mzima kama chujio, ninyi mnataka nimwache mkavu? Watu wangesema hana wifi."

Nilimtazama Sista nikangojea amkaripie, kama alivyonikaripia mimi kwa mambo madogo kuliko hayo. Hakumkaripia. Mimi mwenyewe, nikae mkweli, nilipojifungua nilipewa mafuta hayohayo na mama mkwe, na nilipona. Mlimani, Terrat, kote ni hivyo. Ila yale yalikuwa ya kunywa na ya kupaka mwili mzima usio na vitundu. Ngozi iliyotoka kutobolewa ukiifunika kwa mafuta mazito, na vumbi la Terrat likaja likakaa juu yake, umeifungia uchafu ndani.

Sista alisafisha uso ule taratibu, akampa dawa ya kumeza, akasema sindano zisubiri mpaka vipele vikauke na ngozi itulie kabisa. Naserian akahesabu kwa vidole, akaona mahindi yanavyokwenda, akasimama.

"Basi tufanye ya moto," alisema. "Muda umeliwa. Vikikauka tu, mnampiga ya moto mara moja, yaishe. Na kama hamtaki, kuna mahali hapa mjini wataifanya leo hii hata na vipele vyake."

"Wataifanya," alisema Sista. "Siwezi kukuzuia."

"Sista, ninyi hamwelewi. Ananiambia sasa hivi ndiyo hatapanda kabisa. Yupo tayari nimlishe shangazi mbele ya watu. Mimi nina mama hai, nimlishe shangazi?"

Nembris, ambaye siku zote alikuwa na jibu, alitazama fimbo yake. Naona ndipo alipoelewa kwamba ile nafasi aliyoachiwa haikuwa heshima.

Mama Naserian akakaa kitako kitandani. Akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Nembris amenipaka mafuta kwa kunipenda. Wewe unataka kunichoma kwa kunipenda. Mkiendelea kunipenda hivyo sitabaki na uso." Akamgeukia Sista. "Nitangoja. Ikikauka, kalamu. Ikifika siku haijawa nzuri, basi ndiyo hiyo."

"Na utapanda?" aliuliza Naserian.

"Nimesema nitangoja. Sijasema nitapanda."

Ndipo Sista Mwanaidi akafanya jambo ambalo mimi nasema lilikuwa na thamani kuliko mashine zote mle ndani. Alimwita Nembris kando, akamtolea chupa ya losheni ya jua. "Shangazi, wewe mkono wako hauwezi kukaa bila kumpaka mtu. Nimeona. Basi kupaka ni kazi yako kuanzia leo. Nikikwambia vipele vimekwisha, unampaka hii asubuhi, unarudia mchana, unarudia jioni jua likiwa bado. Asikukwepe."

"Na mafuta ya kondoo?"

"Mwekee kwenye supu. Anywe, asipakwe."

Nembris akaitazama ile chupa mbele na nyuma. "Inanuka kama mahindi mabichi," akasema, akaitia kwenye kikapu. Halafu akanigeukia mimi, akatafuta wa kumshusha ili arudi kuwa mrefu. "Wewe Mmeru unacheka nini? Ninyi hamjui jua, mnakaa chini ya migomba kama kuku."

"Ndiyo maana nina ngozi nzuri," nikamwambia. Akanipiga kibega, tukawa marafiki mpaka leo.

Kazi ile aliifanya kuliko alivyoagizwa. Naserian alitupigia simu anacheka, akasema shangazi amempaka mama, amempaka baba yake naye, mzee anakwenda na ng'ombe malishoni uso mweupe kama aliyepigwa chokaa, na majirani wanauliza kama kuna msiba wa namna mpya. Mzee alijaribu kukataa, akaambiwa kama hataki kupakwa arudishe ng'ombe wa mahari ya huyo dada yake anayempaka.

Vipele vilikauka. Sista alimfanyia kalamu tena, na mara hii nilikaa kwenye kigoda changu nikangojea vidole. Havikujikunja. Nikaanza kuogopa kwamba ameshajifunza kuvitawala navyo. Ghafla sauti ikatoka kitandani, tulivu kabisa: "Hapo panauma."

Sista akainua kalamu. "Umesema nini, mama?"

"Nimesema panauma. Huyu Mmeru mwache apumzike, nitasema mwenyewe."

Sista alisema alhamdulillahi. Ya tatu haikuwezekana. Siku zilikuwa zimekaribia, na Sista hatoboi uso wa mtu karibu na sherehe hata abembelezwe vipi, maana ngozi inataka wiki za kutulia. Wakaondoka na losheni tu na Nembris.

Tulialikwa, mimi na Sista. Tulikaa meza ya pembeni na watu wa ofisini kwa Naserian. Skrini ilikuwepo, kubwa vilevile, Naserian hakuweza kuizuia kwa sababu upande wa bwana harusi ndio walioileta. Kutoka tulipokaa nilimwona Mama Naserian meza ya mbele, shanga zake mpya shingoni, na Nembris pembeni yake. Hatukujua atafanya nini. Naserian mwenyewe hakujua. Alikuwa amesimama na kisu mkononi mbele ya ndafu, anatabasamu kwa meno tu.

Mshereheshaji akaita, "Mama mzazi, popote ulipo, binti yako anakungoja."

Mama Naserian hakuinuka. Mshereheshaji akaita tena. Nikaona Nembris anasogeza kiti chake nyuma, nikadhani anainuka yeye. Alikuwa anampisha njia. Alimshika kiwiko, akamwambia neno kwa Kiarusha ambalo sikulisikia, na Mama Naserian akasimama.

Alitembea polepole katikati ya meza, mpiga picha anarudi nyuma mbele yake. Alipofika nusu ya njia akainua macho, akajiona. Akasimama palepale. Muziki ukapunguzwa. Pale juu uso ulikuwa wake: mikunjo ipo, ila imelainika, vishimo vimebaki kama vya maji ya mvua ya jana, mashavu yanang'aa, na duara zake mbili zimekaa mahali pake. Aligeuza shavu la kulia, akalitazama. Akageuza la kushoto. Akarekebisha shanga, akatazama tena kama zimekaa.

"Mama, tunakungoja," alisema mshereheshaji kwa adabu.

"Ngojeni," alisema Mama Naserian. Hakuwa na kipaza sauti, lakini tulimsikia mpaka meza yetu. "Sijamaliza kujiangalia."

Ukumbi ulianguka kwa vicheko na vigelegele, na Naserian alicheka mpaka ikabidi mtu ampokee kisu. Akamlisha mama yake ile nyama, mama akaitafuna taratibu, macho yakiwa kwenye skrini.

Hivyo ndivyo nilivyoona kutoka meza yangu. Mshereheshaji nimekumbuka aliitwa Godlisten, ila Sista Mwanaidi anashikilia alikuwa Godbless. Nembris naye anadai ya tatu ilifanyika na mimi ndiye nimesahau, na Naserian anasema mama yake aligeuza kwanza shavu la kushoto. Kama ulikuwepo ukumbini, au kama unatoka Terrat na una habari iliyo sawa kuliko yangu, njoo hapa Moshono unisahihishe, na utaje jina lako na la mama yako unapoingia, ili nijue ninayebishana naye ni mtoto wa nani.